Maboksi ya Juu ni Mepesi

Jina lake la kwenye kitambulisho tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Mgodini alikuwa Takriban, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimwuliza mkutano utakwisha saa ngapi, atakujibu, "Takriban saa tano, ila usishangae ikifika saa sita kasorobo." Ukimwuliza chai iliyobaki inatosha watu wangapi, ataichukua chupa, ataitikisa karibu na sikio, atatafakari, halafu atasema kati ya wanne na sita, kutegemea vikombe. Namba moja tu aliitamka bila kusita, idadi ya watoto wake, wawili, na hata hiyo tulisema ni kwa sababu alikuwepo walipozaliwa.

Nilikaa naye ofisi moja miaka sita. Ofisi yenyewe ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha mawili, kiyoyozi chake kikidondosha maji ndani ya ndoo iliyowahi kuwa ya rangi. Mimi nilipanga wapi pachimbwe mwezi huu na wapi mwezi ujao. Yeye aliniambia huko chini kuna nini.

Na hiyo si kazi ya mchezo. Mgodi wetu wa dhahabu ulikuwa shimo kubwa la wazi, na kabla ya kuchimba upande wowote, mashine ya kuchoronga hutangulia. Hutoboa ardhi kila baada ya mita ishirini na tano na kutoa vipande vya mwamba vya mviringo, vinene kama mpini wa jembe, ndiyo maana wenyewe tuliviita mipini. Mipini hupangwa kwenye maboksi kwa mfuatano, kutoka juu kwenda chini, kisha hupasuliwa kwa msumeno: nusu inakwenda maabara, nusu inabaki bandani. Maabara inarudisha namba, gramu ngapi za dhahabu katika tani moja ya mwamba. Sasa, kati ya shimo na shimo kuna mita ishirini na tano ambazo hakuna binadamu aliyeziona, na kampuni inataka kujua zimebeba tani ngapi, zenye gramu ngapi. Takriban ndiye aliyetakiwa kusema, kwa maandishi, na kutia sahihi yake chini.

Makadirio yake yaligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza ni yale aliyoyapima vizuri, la pili ni yale yenye dalili za kutosha, la tatu ni ya kukisia tu. Mtindo huo aliutumia hata nyumbani. Mumewe alikuwa fundi seremala, bwana mmoja mpole mwenye penseli sikioni muda wote, na ahadi yake ya kupaka rangi jikoni ilikaa kundi la tatu kwa miaka minne.

"Mama watoto," Fundi alimwambia siku moja mbele yangu, "mimi nikimwambia mteja kabati lake litakuwa na upana kati ya futi nne na tano, atanifukuza."

"Kabati unaliona," Takriban akamjibu. "Ungekuwa unalitengeneza gizani, chini ya mita mia moja za udongo, tungekusikia."

Basi mwaka mmoja tulikuwa tunachoronga upande wa mashariki, eneo jipya nje ya shimo la zamani. Mchorongaji mkuu aliitwa Kekee, mtu wa sauti kubwa aliyeipenda mashine yake kama wengine wanavyopenda gari. Asubuhi moja alikuja bandani akikimbia, kofia mkononi, huku akiita watu kwa majina na wengine kwa matusi ya furaha. Katika shimo la arobaini na saba, mita mia moja arobaini na tatu kwenda chini, mpini ulikuwa umetoka na dhahabu inayoonekana kwa macho. Ilikuwa punje ya ukubwa wa mbegu ya nyanya, na nyingine ndogondogo pembeni yake. Watu wasioelewa hudhani mgodini tunaona dhahabu kila siku. Wengi wetu huwa tunaona mawe tu mpaka tunastaafu.

Meneja akaja. Mhasibu akaja. Wapishi wa kantini wakaja na aproni zao. Kila mtu alipiga picha na mpini, na Kekee alipiga picha na kila mtu. Takriban alikuja wa mwisho na kioo chake cha kukuzia, akaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Ni nzuri."

"Nzuri tu?" Kekee akafoka. "Dada, umeiona?"

"Nimeiona. Nzuri sana. Na hapo pembeni yake?"

Hapo pembeni palikuwa na jiwe la kijivu kama kawaida. Maabara iliporudisha majibu, ile mita moja ilisoma gramu mia nne themanini na sita kwa tani. Mita ya juu yake, tatu. Ya chini yake, mbili. Mashimo ya jirani yalikuwa na tano, moja, nne. Takriban alikaa nayo siku mbili, akachora michoro yake, akaagiza mashimo manne zaidi kuizunguka ile punje, akangoja majibu, kisha akafanya kitu ambacho watu wa kazi yake hukifanya kila mahali bila kelele: aliikata namba. Kwenye hesabu za kompyuta, gramu mia nne themanini na sita zikawa arobaini na tano.

Taarifa ilimfikia Meneja kabla ya saa nne. Meneja wetu alikuwa mtu mnene mwenye hatua fupifupi, na kontena letu lilitikisika alipopanda ngazi.

"Mama, nasikia umeikata dhahabu yangu."

"Nimeikata namba, bosi. Dhahabu iko palepale."

"Kwa hiyo maabara wanadanganya?"

"Hawadanganyi. Hebu tuseme tuko watu kumi humu ndani, tunapimwa urefu. Halafu anaingia mtu mmoja wa mita ishirini. Wastani wetu unakuwa mita tatu na ushee. Fundi nguo akichukua huo wastani atushonee suruali, tutaonekanaje?"

Meneja akajitazama miguu, ambayo haikuwa mirefu, akaona amechokozwa lakini hakupata pa kushika. "Wewe mama," alisema akishuka ngazi, "siku nyingine nitakuletea jitu lenyewe hapa."

Kekee alimnunia wiki nzima. Alipita mbele ya kontena letu akisalimia kiyoyozi, akisalimia ndoo, akinisalimia mimi, ila si yeye. Alimtangaza kantini kuwa ni mtu anayefuta kwa kidole kile ambacho wanaume wamekitoa ardhini kwa jasho. Takriban aliendelea kunywa chai yake. Ripoti ikaandikwa: upande wa mashariki una mbale, yaani mwamba wenye dhahabu, tani milioni moja na laki nne, na gramu zake kama alivyozikadiria. Akatia sahihi. Meneja akaguna, akaipeleka makao makuu.

Wiki tatu baadaye tulikwenda wote wawili bandani, maana maboksi ya mashariki yalikuwa yanahamishiwa rafu mpya. Banda lilikuwa la mabati, refu, lenye harufu ya mwamba uliolowa, na mwenye banda alikuwa mzee tuliyemwita Mzee Maboksi. Kila boksi lililoingia mgodini tangu unaanza lilipita mikononi mwake. Ndiye aliyepima pia uzito wa mipini. Alikuwa na mzani unaoning'inia na ndoo ya maji, anapima kipande kikiwa kikavu, anakipima tena kikiwa ndani ya maji, anaandika kwenye daftari la shule kwa mwandiko wa kuinama kama nyasi za upepo.

Siku hiyo alikuwa anabeba maboksi peke yake, moja moja, kwa mwendo wake. Alipofika nusu ya rafu akasimama, akapiga mluzi, akamwita mwenzake wa kwenye msumeno amshikie upande wa pili.

"Mzee," Takriban akamtania, "naona uvivu umeanza. Dakika kumi zilizopita ulikuwa unabeba kama kijana."

Mzee Maboksi akaweka boksi chini, akanyoosha kiuno. "Mwanangu, si uvivu. Yale ya juu ni mepesi. Mwamba wa juu umeoza, ni udongo tu umejikaza. Boksi la juu nabeba mwenyewe hata na kahawa mkononi. Haya ya chini, mwamba mzima, ukibeba peke yako kesho huamki. Wewe si msomi? Mgongo wangu haukusoma lakini unajua."

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi. Kisha nikaona Takriban hacheki tena. Alikuwa ameinama juu ya boksi la juu, ameshika kipande cha rangi ya kutu, anakipima kwa kiganja, anakirusha kidogo, anakidaka.

"Mzee, daftari lako la mashariki liko wapi?"

Lilikuwa hapo, kwenye kabati. Takriban akalifungua. Mita thelathini za kwanza katika kila shimo, Mzee Maboksi alikuwa ameandika moja nukta tisa, moja nukta nane, mbili kamili. Kuanzia hapo kwenda chini ni mbili nukta saba. Maana yake, mita moja ya ujazo ya mwamba wa juu ina tani karibu mbili. Ya mwamba wa chini ina tani karibu tatu. Jambo hilo Takriban alilijua tangu chuoni. Angeweza kukuambia akiwa usingizini, ingawa angeanza na neno takriban.

Akarudi kontenani akitembea haraka, mimi nyuma yake. Akafungua kompyuta. Ule mstari unaotenganisha mwamba uliooza na mwamba mzima ulikuwepo, umechorwa vizuri kabisa, lakini uliishia kwenye uzio wa shimo la zamani. Hakuna aliyeuendeleza mashariki. Na kompyuta, isipoambiwa kitu, hujaza yenyewe: mbili nukta saba, kutoka chini mpaka kwenye majani.

Akapiga hesabu upya, mara mbili, matone yakidondoka ndooni.

"Nimekosea," akasema.

"Kiasi gani? Takriban?" Niliuliza kwa mzaha, bado sikuwa nimeelewa uzito wake.

"Tani laki moja na arobaini na nane elfu."

Hakuweka "kati ya" wala "kama". Nilijua basi kwamba mambo si mazuri. Tulikuwa tumewaahidi watu milima ya mbale ambayo haipo, na sahihi ni yake.

Jioni ile, Fundi ndiye aliyenisimulia, alifika nyumbani akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alivipanga, akavitoa, akaviosha tena. Fundi alimwangalia kutoka mlangoni mpaka akaona sufuria inakaribia kutoboka.

"Kuna nini, mama watoto?"

Akamweleza. Watu wa makao makuu walikuwa wanakutana baada ya siku sita kupitisha mpango wa mashariki. Hakuna aliyejua kosa hilo isipokuwa yeye, mimi, na mgongo wa Mzee Maboksi. Na baada ya kelele alizopiga kuhusu namba ya Kekee, sasa aende kwa Meneja aseme nini?

Fundi akavuta kiti, akakaa. "Unakumbuka lile kabati la mwalimu mkuu?"

"Lipi?"

"Lile lililokataa kuingia mlangoni kwake. Nilipima ukuta, nikapima dari, nikapima mpaka miguu ya mwalimu mwenyewe, mlango nikausahau. Sikukuambia?"

"Hukuniambia."

"Niliona aibu. Nilikwenda na msumeno mchana kweupe, majirani wote wameketi wanatazama kama sinema, nikalikata kabati langu vipande viwili pale uani. Watoto wakawa wananishangilia." Akachukua sufuria mikononi mwake na kuirudisha kabatini. "Mwalimu bado ananiletea kazi. Nenda mchana kweupe tu."

Alikwenda saa mbili na nusu asubuhi. Aliniomba nimsindikize, nikabaki nimesimama kwenye mlango wa ofisi ya Meneja kama shahidi wa harusi. Meneja alikuwa anajaribu kuzibua kalamu.

"Bosi, ripoti ya mashariki ina kosa. Kosa ni langu." Akaliweka daftari la Mzee Maboksi mezani, akaeleza lote, mstari uliokatika, kompyuta iliyojaza, tani zilizozidi. Hakumtaja kijana mmoja wa ofisi ya michoro ambaye kwa kweli ndiye aliyetakiwa kuuendeleza mstari. Alisema yeye ndiye aliyetia sahihi, na aliyetia sahihi anapaswa kuangalia.

Meneja aliweka kalamu chini. Wino ulikuwa umemvujia kidole gumba naye hakuuona.

"Wewe," akasema polepole, "ndiye uliyenikatia jitu langu la mita ishirini."

"Ndiyo."

"Na jitu jingine ulikuwa nalo mwenyewe, umelificha kwenye udongo."

"Sikulificha, bosi. Sikuliona."

"Na mara hii una uhakika?"

"Nina uhakika kwamba nilikosea."

Nilitegemea apige meza. Badala yake aliegemea kiti, akajifuta uso kwa mkono wenye wino, akajichora mstari wa bluu kutoka pua hadi sikio. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia. Akapiga simu makao makuu akiwa hivyo hivyo, akaomba mpango usimamishwe, akasikiliza makelele ya upande wa pili mbali kidogo na sikio, akasema, "Mwenyewe ndiye aliyekuja kusema. Mnataka yule anayesema au yule anayenyamaza?" Kisha akakata. "Tokeni," akatuambia. "Na hiyo hesabu mpya iwe mezani kesho mchana."

Haikuwa bure. Takriban alipewa barua ya onyo, yenye mihuri miwili. Makao makuu wakamleta mkaguzi wa nje, mama mmoja mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, ambaye kwa siku nne alifungua kila boksi, akapima tena kwa mzani wa Mzee Maboksi, akahoji kila mtu mpaka wapishi wa kantini. Kekee alijiandaa kwa mahojiano yake kwa kuvaa shati lililopigwa pasi. Mkaguzi alihitimisha kwamba tani sasa ni sahihi, milioni moja na laki mbili na nusu, na kwamba lile daftari la nyasi za upepo ni vipimo safi kuliko vyote alivyoviona mwaka ule. Kuhusu shimo la arobaini na saba, akasema kukata ilikuwa haki, ila pengine mkono ulikuwa mzito.

Takriban aliichukua vibaya hiyo ya mwisho. Barua ya onyo aliipokea kwa adabu. Lakini kuambiwa mkono wake mzito! Alizungumza nayo peke yake kwa siku kadhaa. Nilimsikia akiiambia kompyuta, "Mzito vipi?"

Uchimbaji wa mashariki ulianza baada ya mvua. Malori yalipanda na kushuka miezi saba, na kila mwisho wa mwezi nililinganisha alichosema Takriban na kilichopita kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Tani zilikuja vilevile kama alivyosahihisha, tofauti ya tatu kwa mia, kitu cha kumfanya mtu wa kazi yake atembee kifua mbele. Mwezi wa sita wa uchimbaji tulifika kwenye mbale inayozunguka shimo la Kekee. Hapo dhahabu ilizidi makadirio yake kwa robo nzima.

Kekee alipata habari kabla yangu, sijui kwa nani. Alikuja kontenani na wenzake wawili wa kushuhudia, akapanda ngazi, akajipanga mlangoni, akavuta pumzi. Miezi yote hiyo alikuwa anaitunga hotuba yake.

"Dada," akaanza.

"Nilikata sana," Takriban akasema bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta. "Ingetosha kuishusha mpaka sabini. Ulikuwa na haki ya kununa, kaka. Si kwa gramu zote mia nne themanini na sita, ila kwa kiasi chake."

Kekee akaishusha pumzi aliyoivuta. Alikuja na ugomvi mzima, na sasa hakujua auweke wapi. Akawatazama wenzake. Akatazama ndoo. "Basi sawa," akasema, "nilikuwa napita tu." Akashuka, na tangu siku hiyo akamsalimia yeye kwanza, mimi na kiyoyozi baadaye.

Kilichobadilika kwa Takriban ni kimoja. Kila Ijumaa alikwenda bandani na kiti chake, akaketi na Mzee Maboksi saa nzima, akinakili vipimo vya wiki kimoja kimoja huku mzee akimsimulia boksi gani lilikuwa tabu na lipi lilikuwa jepesi isivyo kawaida. Alisema ni kwa ajili ya utaratibu. Mimi nadhani alipenda kukaripiwa, maana mzee alimkaripia sana, juu ya kiti chenyewe, juu ya kuacha kifuniko cha mzani wazi, juu ya kuvaa viatu vyembamba.

Ripoti ya mwaka uliofuata ilipotoka, ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ya walioiandaa. Jina la mzee, lile kamili ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia, liliandikwa pale kama mpima uzito wa mwamba. Takriban alimpelekea nakala mwenyewe. Mzee aliusoma ule ukurasa, akaurudia kwa kidole, akauchomoa taratibu, akaukunja na kuuweka kwenye mfuko wa shati. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe na mwingine, mwanangu. Mke wangu huu ataushika mara moja utachanika, ataupeleka nyumba zote."

Akapewa kurasa tatu. Akayarudia maboksi yake, na lori la kwanza la mipini ya upande wa kusini lilikuwa tayari linarudi kinyumenyume mlangoni.